Gari Lililoombewa

Riruta, saa kumi jioni

Jerida mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana nakusikia hapo upande wa pili wa ukuta ukikunja nguo na kuzikunjua tena, na mama yako akikuambia lile sweta zito liwekwe juu, si chini. Mambo ya sweta, ya sabuni, ya kula vizuri na kuandika barua kila mwezi nimemwachia yeye. Mimi nimejifungia karakanani, nimekalia sanduku la misumari, karatasi iko juu ya meza ya randa. Nimechana karatasi tatu tayari. Unanijua, kabati la milango mitatu nalimaliza kwa siku nne, lakini haya ninayotaka kukuambia yamenishinda miaka sita.

Kilichonikalisha hapa ni yale uliyosema Jumapili walipokuwa wakikuaga kanisani. Mama Mchungaji alikuuliza mbele ya watu kwa nini umechagua kwenda kujifunza ukunga, na wewe ukajibu kwa sauti ndogo, "Kuna mtoto nilimkosea." Watu wakaitikia amina. Mama yako akainamisha kichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka wimbo ukaanza.

Hujamkosea mtoto yeyote, Jerida. Ni mimi niliyemkosea, na nililijua hilo tangu asubuhi ile ile. Nisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Nianze na gari. Unakumbuka siku lilipofika? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukakimbia nalo kutoka barabarani mpaka mlangoni, mkono juu ya bodi, kama unamwongoza ng'ombe. Halikuwa jipya la kiwandani. Nililitoa Ngara, kwa Bwana Popat mwenye gereji, lakini kwetu lilikuwa jipya, na katika kanisa letu hapakuwa na mwingine aliyekuwa na gari, hata mchungaji alikuwa na baiskeli. Mimi, fundi wa viti na vitanda, niliyekuja Nairobi na msumeno mmoja ndani ya gunia, nina gari la rangi ya maziwa! Usinione nimetulia siku hizi. Wakati ule kichwa kilikuwa kimevimba vibaya sana.

Jumapili ya kwanza tukalipeleka kanisani kuombewa. Ndivyo tufanyavyo, nyumba mpya, cherehani mpya, hata ng'ombe. Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti, akina mama wa kanisa wakalizunguka na vitambaa vyao vyeupe, wakaimba. Wewe ulikuwa ndani, soksi nyeupe, umekaa wima kama bibi arusi. Mama Mchungaji akaomba kwa machozi kwamba gari hili lisiaibike njiani hata siku moja, kwa kuwa si la Hezron peke yake, ni la kanisa zima. Aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.

Siku tisa baadaye lilikataa kuwaka.

Ilikuwa asubuhi, mko ndani mnakunywa chai. Nikazungusha ufunguo, kt, kt, kt, basi. Nikachungulia huku na huku kama mwizi wa kuku, nikalisukuma peke yangu mpaka pale barabara inapoteremka, likawaka. Nikalipeleka Ngara. Fundi wa Bwana Popat akachaji betri, akakaza mkanda, akasema tayari. Likaenda vizuri wiki moja, kisha kt, kt tena. Nikarudi. Wakachaji, wakasafisha, likaenda wiki nyingine.

Sasa sikiliza ujinga wa baba yako. Mteja akiniletea mlango unaokwama, mimi humuuliza maswali mpaka achoke. Unakwama wakati wa mvua au jua? Juu au chini? Ulianza lini? Asiponiambia yote siwezi kumtengenezea, na nimewafokea wengi kwa kunificha mambo. Lakini zamu yangu ilipofika pale gereji, nilisema tu kwamba asubuhi haliwaki vizuri. Sikusema kuna taa nyekundu pale mbele ya dereva ambayo ilikuwa inawaka muda wote nikiendesha. Nilijua haifai kuwaka. Bwana Popat mwenyewe aliniambia siku ya kwanza kwamba hiyo taa ikiwaka injini ikiwa inazunguka, ujue gari linakula betri bila kuirudishia.

Mbona sikusema? Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wa kanisa kwamba gari halina kasoro hata moja. Mdomo wangu ulikuwa umenitangulia, ikabidi niufuate. Wewe ndiwe uliyeniuliza, "Baba, hii taa nyekundu ni ya nini?" Kesho yake nikabandika utepe mweusi juu yake. Ulidhani nimeitengeneza, ukafurahi.

Mara ya tatu Bwana Popat alitoka mwenyewe ofisini. Ni mtu mwenye macho ya usingizi lakini hakuna kinachompita. Akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Mzee Hezron, hii gari imenishinda. Iache hapa, chukua ile ya kijani. Hakuna kitu utaongeza."

Ile ya kijani ilikuwa imesimama pale pale, nzuri, safi, nimeiona ikiwaka mara moja tu ilipoguswa.

Nikakataa. Nilimwambia nimelizoea hili. Akanitazama sana, halafu akarudi ofisini. Yeye angejuaje? Ningeingiaje Riruta na gari la kijani? Watu wangeuliza lile tuliloliombea liko wapi, na ningewajibu nini, kwamba maombi ya kanisa zima hayakulishika? Niliona bora kuendesha gari bovu lililoombewa kuliko kurudi na zima ambalo hakuna aliyeliwekea mkono. Hata leo nikiandika haya masikio yananiwaka.

Tangu siku hiyo maisha yangu yakawa ni kutafuta miteremko. Hapa nyumbani nililiegesha juu kule karibu na kanisa, watu wakasema Hezron anataka lionekane. Karen kwa wateja kuna vilima, huko sikuwa na shida. Kazi ilikuwa mjini. Mjini ni tambarare, nikifika duka la mbao naacha injini inanguruma nje, naingia mbio, natoka mbio, mwenye duka akanitania kwamba siku hizi nimekuwa mtu mkubwa, sina hata dakika ya salamu. Nilicheka naye huku sikio langu liko kwenye injini.

Na mama yako alikuwa mjamzito. Baada ya wewe alikuwa amepoteza mimba mbili, ulikuwa mdogo huzikumbuki. Huyu wa tatu alikuwa amekaa, na tulikuwa tunahesabu wiki kwa woga. Mwezi wa mwisho mama yako aliniambia kwa upole, jikoni, kwamba gari lile analitilia shaka, nimwombe Mzee Barasa wa lori la maziwa awe tayari siku ikifika, maana lori lile lilikuwa linapita hapa kila alfajiri na halijawahi kulala njiani. Nilimkaripia. Nikamuuliza ni mwanamke gani mwenye gari la mume wake nje anayekwenda kujifungua katikati ya mitungi ya maziwa. Akanyamaza. Mama yako akinyamaza si kwamba amekubali, lakini wakati ule nilichukua kama ushindi.

Siku ile ya mwisho, mchana, uliingia ndani ya gari kucheza. Nilikuwa hapa mlangoni na randa mkononi. Ukawasha taa, ukazima, ukawasha, ukazima. Ukapiga honi moja. Mchezo wote haukuchukua muda wa kumenya kiazi. Niliona kwa macho yangu, nikacheka, nikakuita uje ule. Kumbuka kwamba nilicheka.

Alfajiri uchungu ukaanza. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka huoni ua. Mama Mchungaji akaitwa, akaja na kanga zake, akaingia nyuma na mama yako. Wewe hukukubali kubaki. Nikakuweka mbele pamoja nami, mfuko wa nguo za mtoto mapajani. Nikaliachia gari kwenye mteremko, likakohoa, likawaka. Mama Mchungaji akasema, "Asante Bwana," nami nikasema asante.

Ikabidi niwashe taa kwa sababu ya ule ukungu. Kila tulivyokwenda zilikuwa zinafifia. Nilikuwa naliona hilo na nadhani na wewe uliliona, maana ulisogea mbele ukachungulia. Mama yako alikuwa hapigi kelele, alikuwa anahema tu, na nilitamani apige kelele. Nikajiambia tufike barabara kubwa, tufike mjini hospitalini, tufike tu.

Karibu na Dagoretti Corner kulikuwa na kizuizi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kabla ya jua kutoka ulikuwa hupiti bila kukaguliwa. Pasi nilikuwa nayo. Askari mmoja akaja na tochi, kijana tu, koti limemzidi. Akaniambia kwa adabu, "Zima injini, mzee, tuangalie."

Pale ni tambarare. Hakuna mteremko mbele wala nyuma.

Mwanangu, kila siku ya miaka hii sita nimerudi pale. Kulikuwa na maneno manne tu ya kusema: Afande, gari likizima haliwaki. Basi. Yule kijana alikuwa na uso wa mtu mwema, angetuacha tungurume tu huku akiangalia, au angetupungia mkono tupite akimsikia mama yako. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni kabisa. Lakini nyuma alikuwa ameketi Mama Mchungaji, yule yule aliyelia machozi juu ya boneti, na niliona haya asikie. Nikageuza ufunguo, nikazima.

Alimulika ndani, akamwona mama yako, akaruka nyuma akasema, "Nenda, nenda upesi!" Nikazungusha ufunguo. Hata ile kt haikuja.

Wakasukuma. Askari watatu na mimi, tukienda tukirudi kwenye lile tope, mara nne, mara tano, wapi. Betri ilikuwa imekufa kabisa, taa zilikuwa zimemaliza kilichobaki. Ndani mama yako akaanza kulia. Mama Mchungaji akatoa kichwa dirishani, amechanganyikiwa, akaniuliza, "Hezron, gari imekuwa aje? Si hii ndiyo tuliombea?"

Nami nikakunyooshea kidole. Nikasema, "Ni huyu mtoto. Jana alichezea taa, akamaliza betri."

Uligeuka ukanitazama. Nilidhani utabisha. Ungebisha ningekuchapa kofi, nakuambia ukweli, maana mtu anayedanganya hukasirika upesi. Lakini hukubisha. Ulisema, "Nisamehe, Baba." Ukabana ule mfuko kifuani. Na mimi nikarudi kusukuma.

Ndugu yako alizaliwa pale, kwenye kiti cha nyuma, miguu ikitangulia. Mama Mchungaji alifanya yote aliyoyajua. Alikuwa mvulana, mzito, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Lori la Mzee Barasa likaja jua likichomoza, wakamweka mama yako katikati ya mitungi ya maziwa, pale pale nilipoapa hatakaa. Yeye akapona. Mtoto mwingine hakupata tena.

Daktari aliniambia kwamba tungefika mapema labda wangeweza kumgeuza. Alisema labda. Nimeishika hiyo labda kwa pande zote mbili, kuna siku inanifariji na kuna siku inaninyima usingizi.

Baada ya mazishi nililikokotesha gari kwa kamba mpaka Ngara, mchana, watu wote wakiona, na sikujali tena nani anaona. Nikamwambia fundi mambo yote, nikamtolea ule utepe mbele ya macho yake. Akaniuliza mbona sikusema tangu zamani kwamba taa nyekundu inawaka. Akainama, akafuata waya mmoja unaotoka kwenye dainamo inayochaji betri, akakuta umejisugua kwenye chuma mpaka umechunika, sehemu isiyozidi kidole changu. Akabadilisha huku nimesimama pale. Chai aliyoagiza ilikuwa bado moto alipomaliza. Tangu siku hiyo gari halijanisumbua hata mara moja, na ndiyo sababu siwezi kuliuza wala kulipenda.

Ningeweza kukuambia siku ile ile. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua. Nikakukuta umekaa nje, giza linaingia, hamjawasha taa ya mafuta. Nikauliza kwa nini. Ukaniuliza, "Baba, nishike?" Taa ya nyumbani kwenu! Nikasema washa tu, nikaingia ndani. Nilijiambia utasahau, mtoto husahau. Hukusahau. Redio, ufunguo, kiberiti, mpaka leo una miaka kumi na saba unauliza baba nishike, na mimi najibu shika, naendelea kula. Na ndani ya gari hukukaa mbele tena. Watu husema una heshima, unamwachia mama yako nafasi. Mimi najua, na kila safari nimekuwa nikikuona kwenye kioo.

Nilikuacha uubebe mzigo wangu kwa sababu wewe uliubeba kimya na mimi ungenivunja. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta iliyo nzuri zaidi, sina.

Leo saa nane, baada ya kuchana karatasi ya tatu, nilikwenda jikoni nikamwambia mama yako yote: utepe, gari la kijani, kizuizini. Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza fungu lile akafuta mikono, akasema, "Mwambie yeye kabla hajapanda basi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi." Mengine ya kwangu na kwake yatakuja, na sina haki ya kuyaharakisha. Jumapili nitasimama mahali pale pale lilipoombewa niwaambie watu. Mama Mchungaji amekuwa akikuombea msamaha miaka yote hii, si vizuri aendelee kumsumbua Mungu kwa jina lisilohusika.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii mjini, basi likianza kuondoka, ili uisome ukiwa mbali nisione uso wako. Nimeona huo ni woga ule ule wa siku zote. Nitaiweka juu ya sanduku lako sasa hivi, kabla ya chakula, uisome ukiwa bado chini ya paa langu. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kukaa kimya kama mama yako, nitakaa nawe.

Sikukatazi ukunga. Ukiipenda kazi yenyewe, nenda, mikono yako ni mitulivu, nimeiona. Lakini usiende kwa ajili ya kosa, maana kosa hilo si lako na litakuchosha bure. Na huko wodini, siku moja jambo litaharibika na watu watatazamana. Ukiona kidole kinamwelekea aliye mdogo kuliko wote chumbani, nenda ukasimame karibu naye. Kuna siku ulikuwa wewe, na hapakuwa na mtu.

Basi la kwenda kwetu, kwenye hospitali utakayojifunzia, linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo tutatoka hapa saa kumi na moja alfajiri, bado giza, na huenda ukungu utakuwepo, ni Julai. Mama yako ameshasema atakaa nyuma na sanduku. Wewe keti mbele. Swichi ya taa iko pale pale ulipoichezea, mkono wako wa kulia, chini ya usukani. Usiniulize kama uishike. Mimi nikiwasha injini, wewe washa taa.

Baba yako,
Hezron